Jalada la uongo, ramani ya kweli: familia za Kichina za Marekani zinavyotafuta kijiji cha asili

Katika makaburi ya zamani ya Wachina huko California, si ajabu kukuta jiwe moja lenye majina mawili yasiyopatana. Kwa herufi za Kilatini marehemu ni Lee. Kwa herufi za Kichina, zilizochongwa kutoka juu kwenda chini, marehemu huyo huyo ni wa ukoo wa 黃, ambao kwa Kikantoni hutamkwa Wong. Mchongaji hakuteleza. Jina la Kilatini ndilo lililomwingiza mtu huyu nchini, likakaa kwenye vitambulisho vyake na kwenye vyeti vya shule vya watoto wake. La Kichina ndilo alilopewa na wazazi. Mjukuu asiyesoma Kichina hupiga magoti mbele ya jiwe hilo kila mwaka, na jibu la swali lake liko pale pale usoni pake.

Swali lenyewe ni fupi: kwetu ni wapi? Ukimuuliza Mmarekani mwenye asili ya Ireland, huenda akakutajia parokia. Kwa mjukuu wa mhamiaji wa Kichina jibu limefungwa mafundo matatu, nayo yamesukwa pamoja: sheria iliyowalazimisha watu kudanganya, majina yaliyoandikwa na watu wasioyaelewa, na vijiji vilivyobadilishwa majina. Anayeshika fundo moja tu huzunguka miaka.

Tuanze na lililo jepesi. China ni kubwa, lakini katika utafutaji huu ukubwa wake hausumbui. Wengi wa Wachina walioingia Marekani kabla ya Vita vya Pili vya Dunia walitoka kwenye kipande kidogo cha mkoa wa Guangdong, kusini magharibi mwa jiji la Guangzhou. Ni wilaya nne ziitwazo kwa pamoja Siyi: Taishan, Kaiping, Xinhui na Enping. Waliokwenda Hawaii wengi walitoka Zhongshan, jirani tu. Taishan ni nchi ya vilima na mpunga wake haukuwatosha watu. Kati ya mwaka 1855 na 1867 eneo hilo liliumizwa na vita vya wenyeji na Wahakka, Wachina wa lugha nyingine waliohamia humo. Habari za dhahabu ya California, iliyogunduliwa 1848, zilikuwa zimekwisha kufika kupitia Hong Kong. Aliyetangulia akamvuta mdogo wake, mdogo akamvuta binamu, binamu akamvuta jirani.

Kwa hiyo kama babu alishuka San Francisco mwaka 1915, unatafuta wilaya nne au tano tu, basi. Mikondo mingine ina vyanzo vyake. Huku kwetu Bahari ya Hindi, Wachina wengi wa Mauritius ni Wahakka ambao wazee wao walitoka Meixian, na wa Madagaska wengi asili yao ni Shunde. Njia nitakayoeleza hapa ni ya watu wa Siyi, kwa sababu ndiko sheria ilikovuruga mambo kuliko kwingine.

Watoto wa karatasi

Tarehe 6 Mei 1882 Rais Chester Arthur alitia saini sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina wasiingie Marekani. Mwaka 1892 waliokuwamo tayari wakalazimishwa kutembea na cheti cha ukaazi. Mwaka 1904 katazo likaondolewa ukomo. Lilifutwa Desemba 1943, China ilipokuwa mshirika wa Marekani vitani, na hata hapo nafasi zilizotolewa zilikuwa 105 kwa mwaka.

Milango michache ilibaki wazi. Wafanyabiashara, wanafunzi, walimu na wanadiplomasia waliruhusiwa. Raia pia, bila shaka, ila Mchina wa kawaida hakuweza kuomba uraia. Alipaswa kuzaliwa nao. Mlango huo ulithibitishwa na mpishi aliyezaliwa San Francisco, Wong Kim Ark, ambaye mwaka 1895 alizuiwa kuingia aliporudi kutoka China. Alishtaki, na Machi 1898 Mahakama Kuu ikaamua kwamba aliyezaliwa katika ardhi ya Marekani ni raia, hata kama wazazi wake ni Wachina. Na sheria ilikuwa imekwisha kusema kwamba mtoto wa baba raia ni raia, hata akizaliwa kijijini Taishan.

Kisha likaja tetemeko la 18 Aprili 1906. Moto uliofuata uliteketeza kumbukumbu za vizazi za jiji la San Francisco. Ghafla Mchina yeyote aliweza kudai alizaliwa hapo, na hakukuwa na karatasi ya kumkanusha. Akishatambuliwa kuwa raia, alisafiri kwenda kwao, na kila aliporudi aliwaambia maofisa kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kiume. Pengine ni kweli. Pengine mtoto alikuwa wa kike, au hakuzaliwa kabisa. Tangazo hilo lilifungua nafasi kwenye karatasi, na nafasi ikauzwa miaka baadaye kwa kijana aliyelingana umri. Bei inayotajwa sana ni dola 100 kwa kila mwaka wa umri wake. Hao ndio walioitwa watoto wa karatasi: waliacha ukoo wao bandarini Hong Kong, wakashuka meli upande wa pili na baba mpya.

Maofisa wa uhamiaji hawakuwa wajinga. Kuanzia 1910 hadi 1940 waliwashikilia wageni kwenye kisiwa cha Angel, katika ghuba ya San Francisco, wakawahoji mmoja mmoja. Kijana alihojiwa peke yake, baba wa karatasi peke yake, ndugu wa karatasi peke yake, kisha majibu yakalinganishwa. Na maswali hayakuwa ya mchezo. Nyumba yenu ni ya ngapi katika safu ya pili? Mlango mkubwa unaelekea upande gani? Nani anakaa nyumba ya tatu, na ana watoto wangapi? Mkewe miguu yake ni ya kawaida au ilifungwa vitambaa utotoni ili isikue? Kisima kiko wapi? Pipa la mchele mnaliweka chumba gani? Kuna saa ukutani? Bibi yako mzaa baba amezikwa wapi, na kutembea kutoka kijijini ni muda gani?

Kijana aliyenunua nafasi alikuja na daftari la majibu, akalikariri baharini wiki kadhaa, kisha akalitupa majini kabla ya nchi kavu kuonekana. Katika baadhi ya majalada ya mahojiano hayo kuna hata mchoro wa kijiji: safu za nyumba, bwawa la mbele, jumba la mababu, kila nyumba na jina la mwenyewe.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Serikali iliyotaka kuwafukuza watu hawa ndiyo iliyokaa na taipureta, ukurasa baada ya ukurasa, ikaandika maisha ya vijiji ambavyo hakuna mwingine aliyejali kuviandika namna hiyo. Hakuna mtawala wa Guangdong aliyewahi kuuliza kama mjane wa nyumba ya tano anafuga bata. Majalada hayo sasa yako katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani: ya San Francisco na Honolulu yako San Bruno, California, ya bandari za kaskazini magharibi yako Seattle, mengine katika matawi mengine ya hifadhi hiyo. Yanatafutwa kwa jina lililotumika kuingia, meli na tarehe. Anza na jina la karatasi hata kama familia inalionea haya, kwa sababu ndilo karani alilolijua.

Waliokwenda Kanada wana bahati yao. Serikali ya huko iliwatoza Wachina kodi ya kichwa: dola 50 mwaka 1885, ikapanda hadi 100, na kuanzia 1903 ikafika 500. Kila aliyelipa aliandikwa kwenye daftari pamoja na mahali alipozaliwa, mara nyingi mpaka kijiji. Ni pato la dhuluma, lakini vitukuu wanalitumia.

Ramani ya nani?

Furaha ya kulipata jalada huwapofusha watu. Wanasoma kijiji, wanasoma majina ya wajomba, wanakata tiketi ya ndege. Lakini mtoto wa karatasi alikariri kijiji cha aliyemuuzia nafasi. Ramani inaweza kuwa ya kweli kwa kila kisima na kila mlango, ikawa si ya kwenu.

Mara nyingi umbali si mkubwa. Nafasi ziliuzwa kwanza kwa jamaa, kwa watu wa ukoo mmoja au wa kijiji cha ng'ambo ya mto, kwa sababu uongo ulio karibu na ukweli ni rahisi kuukariri. Mpwa aliingia kama mwana. Lakini zipo nafasi zilizopita kwa madalali zikaishia kwa mtu wa ukoo mwingine kabisa, na wajukuu wake leo ni Lee kwa serikali na Wong kwa mababu.

Utalipimaje jalada? Kwanza, usihukumu jalada kwa namna majibu yanavyolingana. Mtoto mkubwa wa Wong Kim Ark yule yule alikataliwa kuingia mwaka 1910, kwa sababu maelezo yake na ya baba yake yalipishana. Mtoto wa kweli hukosea idadi ya ngazi za nyumba yao, kwani nani huzihesabu? Aliyefundishwa hakosei. Jalada ambalo watu watatu wametaja pipa la mchele kwa maneno yale yale mimi hulisoma kwa shaka kubwa zaidi.

Pili, tafuta jalada la baadaye. Kati ya mwaka 1956 na 1965 serikali ya Marekani iliwaalika watoto wa karatasi waungame, kwa ahadi isiyo ya uhakika kwamba hali zao zitarekebishwa. Ilikuwa enzi ya kuwawinda wakomunisti, na wengi waliogopa, kwani ungamo la mtu mmoja liliwaanika ndugu zake wote wa karatasi. Hata hivyo zaidi ya watu 13,000 waliungama. Aliyeungama alitaja jina lake halisi, wazazi wake halisi na kijiji chake, na karatasi hizo zipo kwenye jalada lake la uhamiaji. Kama babu alibadili jina miaka hiyo, au shangazi mmoja anatumia jina la ukoo tofauti na kaka yake, hiyo ni dalili.

Tatu, angalia alikokuwa anakwenda Jumapili. Wachina wa Marekani walikuwa na vyama vya koo na vyama vya wilaya, vilivyowatafutia kazi, vikawaamulia ugomvi na kuwazika. Mtu aliweza kuwa Lee ofisini na bado akalipa ada kwenye chama cha akina Wong maisha yake yote. Daftari la ada halidanganyi, maana halikuandikwa kwa ajili ya ofisa.

Wasomaji wa Lamu wanaijua hadithi ya Wachina wa Pate, wanaosemwa kuwa uzao wa mabaharia wa Zheng He, amiri wa meli za China wa karne ya 15, hata mwaka 2005 msichana wa Siyu akapewa ufadhili kwenda kusoma China kwa sababu hiyo. Pale shida ni kwamba karatasi hakuna, kuna masimulizi na vigae vya kauri. Huku California shida ni kinyume: karatasi zimejaa, na nusu yake zilitungwa.

Herufi kwanza

Ningepewa nafasi ya kumshauri mtafutaji jambo moja tu, ningemwambia asahau tahajia na atafute herufi za Kichina za jina. Majina yaliandikwa kwa sikio la karani. Ukoo wa 陳 ni Chan kwa Mkantoni, Chin kwa mtu wa Taishan, Chen kwa Kimandarini, na Tan kwa Wahokkien wa Singapore. Ndugu wawili walioshuka meli tofauti wanaweza kuwa Chan na Chin mpaka leo. Upande wa pili, Wong inaweza kuwa 黃 au 王, koo mbili zisizohusiana, na Ng inaweza kuwa 吳 au 伍. Bila herufi unabahatisha.

Kisha mpangilio. Kwa Wachina ukoo hutangulia, jina la mtu hufuata. Karani asiyejua alishika neno la mwisho akaliita ukoo, na familia ikabaki na jina la babu badala ya la ukoo. Huko Hawaii ilienda mbali zaidi. Watu waliitana kwa kutanguliza "Ah" kabla ya jina, kama mtu anavyoitwa kwa mazoea, na maofisa wakaunganisha. Ndiyo asili ya majina kama Akana na Apana, ambayo hayana ukoo ndani yake hata kidogo.

Wanawake wana fumbo lao, na ni la kupendeza likifumbuka. Majalada yamejaa akina Wong Shee na Chin Shee. Shee si jina. Ni namna ya kusema kwamba mke huyu amezaliwa katika ukoo wa Wong. Jina alilopewa na mama yake huenda limepotea, lakini ukoo wake, ambao kwenye vyeti vya Kimarekani ungemezwa na wa mumewe, umebaki.

Wanaume nao walikuwa na majina zaidi ya moja: la utotoni, la shule, na la ndoa walilopewa walipooa. Kitabu cha ukoo mara nyingi huandika la ndoa, huku pasipoti ikiwa na la shule. Maofisa wa Angel walilijua hilo wakawa wanauliza, kwa hiyo jina la ndoa limo kwenye mahojiano. Linakili mahali palipo salama. Utalihitaji kijijini kuliko jina lingine lolote.

Mahali nako kuna kizaazaa. Taishan iliitwa Xinning hadi 1914, ikabadilishwa kwa kuwa China ilikuwa na Xinning nyingine. Kwa hiyo Sunning, Sun Ning, Sinning, Toishan, Toisan na Hoisan kwenye nyaraka ni wilaya moja. Hoiping ni Kaiping. Sunwui ni Xinhui. Heungshan ni Zhongshan, iliyopewa jina jipya mwaka 1925 kumuenzi Sun Yat-sen, mwanzilishi wa Jamhuri ya China na mzaliwa wa huko. Canton yaweza kuwa jiji au mkoa mzima. Na ukiona "amezaliwa Hong Kong", usiamini haraka: wengi waliandikiwa bandari waliyopandia meli.

Chini ya wilaya kuna miji midogo ya magulio, na kuizunguka kuna vijiji vya nyumba chache, kila kimoja kwa kawaida cha ukoo mmoja. Majina yao hujirudia, maana kila mtu hupenda kijiji chake kiitwe Amani au Joka. Ndiyo sababu jina la kijiji peke yake halitoshi: unahitaji gulio na ukoo. Miaka ya 1960 ubalozi mdogo wa Marekani huko Hong Kong ulitayarisha orodha za vijiji vya Taishan na wilaya jirani kwa koo zake, na leo watafutaji huzitumia kupunguza vijiji mia hadi vitatu au vinne.

Kinachopita orodha yoyote ni jiwe la kaburi. Piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa la pembeni, ili michongo ionekane. Safu ya katikati ndiyo jina la marehemu. Safu za kando hubeba tarehe na mahali, kuanzia wilaya kushuka hadi kijiji. Ukiona herufi 民國, hiyo ni kalenda ya Jamhuri: jumlisha 1911, mwaka wa 15 ni 1926. Waliochonga mawe hayo hawakuwaza sana kuhusu ofisa wa uhamiaji, kwani hakusoma Kichina. Kaburi likawa pahali ambapo mtu wa karatasi alirudishiwa jina lake.

Tena wengi hawakukusudia kubaki hapo. Vyama vilifukua mifupa baada ya miaka, vikaisafirisha hadi Hospitali ya Tung Wah, Hong Kong, na kutoka hapo vijijini. Kazi hiyo haikuwezekana bila orodha zenye jina na kijiji cha kila marehemu. Mwaka 1902 meli ya Ventnor ilizama pwani ya New Zealand ikiwa na mabaki ya Wachina 499, wengi wao wachimba dhahabu. Baadhi ya mifupa ilisukumwa ufukweni, na Wamaori wa Hokianga wakaizika.

Bahasha za barua pia zisitupwe. Pesa na barua zilipita kwa maduka ya magulio, na mwenye duka ndiye aliyemtafuta mke au mama mwenyewe. Anwani kwenye bahasha ni jina la duka, gulio, kijiji, na mpokeaji. Barua za aina hii zimeingizwa tangu 2013 katika Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Zako huenda ziko kwenye kopo la biskuti.

Ukishafika wilayani

Wilaya za Siyi zina ofisi za serikali zinazoshughulikia Wachina wa ng'ambo, na kazi ya kuwasaidia wageni wa namna hii wameizoea. Ukiwapelekea ukoo kwa herufi, gulio na jina la ndoa la babu, wana pa kuanzia. Ukiwapelekea "Wong wa Canton", watakupa chai.

Kijijini utaulizwa wewe ni kizazi cha ngapi. Kitabu cha ukoo huhesabu vizazi tangu mwanzilishi, na koo nyingi zina shairi ambalo kila kizazi huchukua neno moja na kuliweka ndani ya majina ya wanaume wake. Mzee akiliona neno hilo kwenye jina la babu, anajua amuite babu huyo kaka au baba mdogo. Vitabu vingi viliharibiwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, 1966 hadi 1976. Vingine vilifichwa, au nakala ilikuwa imekwisha kuvuka bahari, na Maktaba ya Shanghai imekusanya maelfu. Kipimo cha DNA hakifiki huku. Kinaweza kukuonyesha binamu au kukanusha undugu wa karatasi, lakini hakitaji kijiji.

Usishangae babu akiwa hayumo. Kwa desturi mabinti waliachwa, na aliyeondoka kijana kabla ya kitabu kuandikwa upya aliweza kurukwa. Hapo ndipo jalada la San Bruno linaporudi kazini. Lisome mbele ya wazee, mstari kwa mstari: nani alikaa safu ya pili, nyumba ya tatu, mkewe wa ukoo gani. Wakiendelea wenyewe kabla hujamaliza kutaja majirani, umefika. Wakitazamana, jalada ni la aliyeuza nafasi, na swali la kuwauliza linabadilika: kijana gani wa jirani aliondoka hapa mwaka ule kwa jina la kwenu?

Baadhi ya koo sasa zinachapa vitabu upya, zinawaingiza mabinti na wajukuu wa ng'ambo. Peleka majina ya watoto wako kwa herufi, mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja, na ukoo wa mama yao.